KABLA MTUMBWI HAUJASHUKA MAJINI
Niliyojifunza katika kupanga safari ya kambi na uvuvi nyikani

(Ifuatayo ni hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi aliyoitoa katika semina ya wajumbe wa kamati za miradi za sharika, mbele ya wageni kutoka sinodi rafiki ya Minnesota, Marekani.)



Mwenyekiti wa semina aliniomba nizungumzie upangaji wa miradi. Nikamwambia kwamba mada hiyo mmeisikia kwangu mara nyingi mpaka wengine mnaweza kuifundisha. Safari hii nitazungumzia jambo ambalo wageni wetu hutuonyesha kwenye picha kila wanapokuja, yaani safari za mitumbwi nyikani, kupiga kambi na kuvua samaki. Mara nyingi nimesikia wazee wetu wakiuliza kwa sauti ya chini: "Hivi hawa watu wana nyumba nzuri, kwa nini wanakwenda kulala porini na kubeba mitumbwi kichwani?" Leo nitawajibu, maana nami nimeibeba. Vile vile nitaeleza kosa nililolifanya huko, ambalo sijawahi kulisema mbele ya mkutano.

Mwaka 2010 nilikuwa masomoni Marekani. Usharika mmoja wa marafiki zetu ulinialika kwenye safari ya siku tano mwezi Juni. Waliposikia kwamba nasomea mipango ya maendeleo waliniingiza katika kamati ndogo ya maandalizi. Tulikutana mara nne kuanzia mwezi wa Februari. Nilishangaa sana. Mikutano minne kwa ajili ya mapumziko ya siku tano!

Mahali penyewe

Eneo hilo linaitwa Boundary Waters. Liko kaskazini mwa Minnesota, mpakani na Kanada, ndani ya Msitu wa Taifa wa Superior. Ukubwa wake unazidi hekta 400,000, kwa hiyo ni kubwa kuliko Hifadhi yetu ya Mikumi. Ndani yake kuna maziwa zaidi ya 1,000, na sehemu kubwa haina barabara, nyumba wala umeme. Lililindwa kama nyika kwa sheria ya mwaka 1964, na sheria nyingine ya mwaka 1978 ikaongeza ulinzi huo. Injini za boti zinaruhusiwa katika maziwa machache tu. Kwingine kote ni kasia na mikono yako.

Watu wa asili wa eneo hilo ni Waojibwe. Wao ndio waliokuwa mabingwa wa kutengeneza mitumbwi myepesi kwa magome ya miti, na mpaka leo huvuna mpunga wa asili unaoota majini. Kwa mkataba wa mwaka 1854 waliiachia serikali ardhi kubwa, lakini walibaki na haki ya kuwinda na kuvua humo. Wafanyabiashara wa ngozi waliofika kabla ya mkataba huo walitumia njia na mitumbwi ya wenyeji hao. Wapagazi wao walibeba mafurushi ya kilo 40 hivi kila moja, na kwa kawaida mtu mmoja alibeba mawili kwa mara moja. Nawaambia haya ili mjue kwamba safari za mitumbwi huko hazikuanza kwa ajili ya picha.

Kibali kwanza

Jambo la kwanza katika maandalizi ni kibali. Kuanzia tarehe 1 Mei hadi 30 Septemba, idadi ya makundi yanayoingia kulala huko ina kikomo kwa kila lango na kwa kila siku. Siku hizi nafasi za msimu hufunguliwa mwishoni mwa Januari, na malango yanayopendwa hujaa mapema. Kibali hutaja lango, tarehe ya kuingia na jina la kiongozi. Ukichelewa siku moja, huwezi kusema "tuingie kesho."

Aidha, kundi lisizidi watu 9 na vyombo 4. Sheria hii ni kali. Hata mkikutana na kundi la rafiki zenu njiani, hamruhusiwi kukaa pamoja mkawa watu 12. Mnalala kwenye viwanja vilivyotengwa, kundi moja kiwanja kimoja. Kila kiwanja kina wavu wa chuma wa kupikia, na nyuma yake msituni kuna choo cha shimo kisicho na nyumba wala mlango. Sisi tulikuwa 9 kamili katika mitumbwi mitatu, watatu kila mtumbwi. Walikuwepo watu 14 waliotaka kwenda. Kamati ililazimika kuwaambia watano kwamba hawatakwenda, na iliwaambia mwezi wa Februari, si siku ya safari. Sisi huku tungewaacha wote waje na mabegi yao halafu tukaanza kuhesabu viti.

Njia ya kubebea

Sasa nijibu swali la wazee kuhusu kubeba mitumbwi. Maziwa hayo hayajaungana yote. Kati ya ziwa na ziwa mara nyingi kuna njia ya miguu, yenye mawe, mizizi na matope. Mnashusha mizigo, mnabeba kila kitu mpaka ziwa linalofuata, mnapakia tena. Mtumbwi hubebwa na mtu mmoja, umegeuzwa juu chini na kulazwa mabegani. Ule mwepesi wa kisasa una kilo 20 hivi, na ule wa bati la aluminiamu hupita kilo 30.

Urefu wa njia hizo hupimwa kwa kipimo cha zamani kiitwacho rodi. Rodi moja ni mita 5 hivi, karibu sawa na urefu wa mtumbwi wenyewe. Tulipanga kuingia kwa lango la Lake One, karibu na mji wa Ely, na kufika ziwa liitwalo Insula. Kabla ya Insula kuna njia ya rodi 105, yaani kama mita 525. Nilipoiona kwenye ramani nikasema, nusu kilometa si kitu, mimi nimekulia milimani.

Kiongozi wetu, mzee mwenye zaidi ya miaka 60, akanipa kalamu akasema piga hesabu. Mkishindwa kubeba vyote kwa mkupuo mmoja, mnabeba nusu, mnarudi mikono mitupu, mnabeba nusu iliyobaki. Maana yake njia moja mnaitembea mara tatu. Mita 525 zikawa zaidi ya kilometa moja na nusu, na nyingi kati ya hizo una mzigo mgongoni. Ndipo nikaelewa kwa nini mkutano wa pili wote ulikuwa wa kupima mizigo kwa mizani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeandika orodha ya vifaa mezani huongeza sufuria ya tatu bila kusikia uzito wowote. Kwa hiyo sheria ya kamati ilikuwa kwamba anayependekeza kifaa ndiye atakayekibeba. Orodha ilipungua karibu nusu.

Vilivyobaki ni hivi: mahema matatu, turubai la mvua na kamba, jiko dogo la gesi, sufuria mbili, sanduku la huduma ya kwanza, ramani mbili na dira mbili zikae mitumbwi tofauti, filimbi kwa kila mtu, kasia moja la akiba kwa kila mtumbwi, dawa ya mbu, tochi, na nguo za kubadilisha zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Juu ya hayo, jaketi okozi moja kwa kila mtu, lililopimwa mwilini mwake na kufungwa vifungo vyote.

Chakula na samaki

Chakula kikavu kinahitajika kama gramu 800 kwa mtu mmoja kwa siku. Watu 9 kwa siku 6 ni kilo 43. Mtauliza kwa nini siku 6 wakati safari ni ya siku 5. Siku ya sita ni ya akiba, nitairudia. Makopo ya bati na chupa za kioo za vyakula na vinywaji haviruhusiwi kuingia kabisa, kwa hiyo tulihamishia mchele, maharage, shayiri, sukari na unga kwenye mifuko, kila mlo na mfuko wake ulioandikwa siku. Usiku chakula hufungwa kwenye sanduku ambalo dubu hawezi kulifungua, au huning'inizwa kwa kamba mita 4 hivi kutoka ardhini na mbali na shina la mti. Maji ya ziwa yanaonekana safi sana, lakini huchemshwa au huchujwa kabla ya kunywa, maana vijidudu vya kuharisha vimo.

Mimi nilipendekeza tupunguze chakula kwa kuwa tutavua. Kiongozi akakataa. Alisema samaki wahesabiwe kuwa baraka, wasiingizwe kwenye bajeti. Upepo ukivuma siku mbili hakuna atakayevua, na njaa haitasubiri.

Hata hivyo uvuvi wenyewe ulipangwa vizuri. Kila mwenye miaka 16 na zaidi lazima awe na leseni ya jimbo la Minnesota, na kanuni za mwaka husika hutaja idadi na ukubwa wa samaki unaoruhusiwa kuwa nao. Samaki anayetafutwa zaidi ni walleye, mwenye macho makubwa yanayong'aa kwenye mwanga. Macho hayo humsaidia kuwinda penye giza, kwa hiyo hupatikana zaidi alfajiri na jioni. Huvuliwa kwa ndoana yenye risasi ndogo, ikiwa na ruba au kisamaki kama chambo, ikishushwa karibu na chini kwenye miamba au pale maji yanapoingia ziwani. Wapo pia northern pike wenye meno makali, wanaokata mshipi mwembamba, na samaki aina ya bass wanaokaa kandokando ya mawe. Utumbo na mifupa haviachwi kambini, kwa sababu humwita dubu. Huzikwa msituni, mbali na kambi na mbali na maji.

Fomu yangu

Wapendwa, sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwezi wa Machi kila mtu alipewa fomu yenye maswali machache. Una ugonjwa gani? Unatumia dawa gani? Unaweza kubeba kilo ngapi? Unajua kuogelea?

Nimekulia milimani. Kwetu maji ni ya kunywa, kufulia na kumwagilia bustani. Sikuwahi kufundishwa kuogelea. Lakini nilikuwa Mwafrika pekee katika kundi lile, nilikuwa nasomea shahada, na nilikuwa mjumbe wa kamati. Niliona haya. Nikaandika "ndiyo."

Nilidhani neno hilo linanihusu mimi peke yangu. Sikujua kwamba kiongozi alichukua fomu zote akazitumia kupanga viti. Kanuni yake ilikuwa kwamba kila mtumbwi uwe na waogeleaji wawili, ili kila asiyejua kuogelea awe kati ya watu wawili wa kumsaidia. Alikuwepo mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye aliandika ukweli kwamba hajui kuogelea. Wakamweka katikati ya mtumbwi. Nyuma akakaa kijana wa miaka 17. Mbele nikakaa mimi, mwogeleaji wa pili.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Tulipita Lake One, tukavuka njia mbili fupi za kubebea, tukalala Lake Two. Siku ya pili tulichelewa kuondoka kwa sababu ya kifungua kinywa. Ratiba ilisema maziwa mapana yavukwe asubuhi, maana upepo kwa kawaida huongezeka kadiri mchana unavyoingia. Tuliingia Lake Three karibu saa sita mchana. Ziwa hilo ni wazi, na mawimbi yalikuwa yanatupiga ubavuni. Wimbi moja liliuinua mtumbwi. Mtu aliyezoea angetulia, akashusha uzito wake chini na kuendelea kupiga kasia. Mimi niliogopa, nikaachia kasia, nikaushika ukingo kwa mikono miwili na kuulalia. Mtumbwi ukapinduka.

Maji ya mwezi Juni huko bado ni baridi sana, kwa kuwa barafu ya maziwa hayo mara nyingi huyeyuka mwishoni mwa Aprili au mwezi wa Mei. Baridi ile inakukata pumzi. Huwezi kuita, unahema tu. Majaketi okozi yalituweka juu sote watatu. Yule kijana aliogelea kumfuata mama, kisha akageuka akaniona nimeung'ang'ania mtumbwi nikipiga kelele kwa Kiswahili. Hakujua aanze na nani. Nauona uso wake mpaka leo. Alikuwa amepewa mtu mmoja wa kumwangalia, sasa anao wawili.

Mtumbwi wa kiongozi ulitufikia baada ya dakika chache, nao wa tatu ukafuata. Tulivutwa mpaka ufukweni. Yule mama alikuwa anatetemeka kiasi cha kushindwa kushika kikombe. Wakamvua nguo zenye maji, wakamvalisha kavu, wakamwingiza ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mama mwenzake, na alipoweza kumeza wakampa chai ya sukari. Baada ya saa moja hivi rangi ilimrudia. Begi moja lilizama, lenye ndoana na karibu zana zote za uvuvi.

Jioni ile kiongozi alituita. Hakumgombeza mtu. Alisema anataka kujua mpango wake ulikosea wapi. Nilinyamaza kwa muda, kisha nikasema. Yule mama aliniuliza swali moja tu: "Ulipoandika ndiyo, ulikuwa unamfikiria nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejifikiria mimi.

Siku ya akiba

Kiongozi akatoa karatasi akapanga viti upya. Mimi nikawekwa katikati kama mzigo, na sikulalamika. Tulifuta safari ya Insula. Tulikaa palepale usiku wa pili na wa tatu ili mama apumzike na upepo utulie. Hakuna aliyelala njaa, kwa sababu hatukuwahesabu samaki na kwa sababu ile siku ya sita ilikuwepo ndani ya mifuko. Mjini pia alikuwepo mtu aliyeachiwa ramani ya njia yetu, tarehe ya kurudi, na maelekezo kwamba ikipita siku moja zaidi atoe taarifa kwa polisi wa wilaya. Simu za mkononi huko hazishiki mtandao katika sehemu nyingi. Siku hizi makundi mengi hubeba kifaa kidogo cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, nacho ni kizuri, lakini hakiondoi haja ya kuacha ramani kwa mtu.

Ilibaki fimbo moja tu ya kuvulia. Tuliitumia kwa zamu alfajiri, juu ya mwamba mbele ya kambi. Yule mama ndiye aliyepata walleye wa kwanza. Tuliwakaanga samaki wanne kwa unga na chumvi, watu 9, kila mmoja kipande. Mwaka uliofuata, 2011, moto ulioanzishwa na radi ulichoma zaidi ya hekta 37,000 za nyika hiyo, ikiwemo sehemu ya misitu ya njia ile tuliyoipanga. Kwa hiyo mipaka ya kuwasha moto nayo huulizwa kabla ya kila safari.

Kabla ya safari yao iliyofuata, wenzetu wale waliibadilisha fomu. Swali la "Unajua kuogelea?" liliondolewa. Sasa wanauliza: "Mara ya mwisho uliogelea lini, wapi, na umbali gani?" Halafu, wiki kadhaa kabla ya safari, kila mmoja huingia majini mbele ya wenzake akiwa na jaketi, karibu na ufuko, na mtumbwi hupinduliwa makusudi. Asiyejua kuogelea bado anakwenda, ila anajulikana.

Ninachowaomba

Wajumbe wa kamati, mnajua kwa nini nimelisema hili leo. Kila robo mwaka mezani kwangu zinafika fomu zenu. Je, mna fundi wa pampu? Ndiyo. Je, wanachama wamechanga? Ndiyo. Je, mtunza stoo yupo? Ndiyo. Nami nazichukua "ndiyo" hizo nazipanga viti, kama yule mzee alivyofanya. Mficha uchi hazai. Mkiandika hapana, nitampeleka fundi kutoka usharika jirani. Mkiandika ndiyo ya aibu, kuna mama katikati ya mtumbwi ambaye anawategemea na hajui.

Nanyi wageni wetu na wafadhili, naomba maswali yenu yaulizwe kwa namna ambayo mtu anaweza kujibu "hapana" na bado akapewa nafasi. Msiulize tu kama tunaweza. Tuulizeni mara ya mwisho tulifanya lini, wapi, na kwa kiasi gani.

Kwa wazee wangu waliouliza kwa nini watu hawa wanaacha nyumba nzuri: asubuhi ya nne, upepo umelala na ziwa limetulia kama kioo, nilikaa katikati ya mtumbwi bila kasia, nikaelewa. Nikialikwa tena nitakwenda, na kwenye fomu nitaandika ukweli.